Darasa la Saa Saba Kule Jabe

Mwezi uliopita tulimzika Mama Riziki. Mchungaji aliyeongoza ibada ni kijana, mambo haya yalitokea kabla hajazaliwa, naye alisema yale aliyoambiwa: kwamba marehemu alikuwa msomaji hodari tangu siku alipovuka mpaka kutoka Uvira, na kwamba Mungu alimpa ulimi wa kusoma Neno bila kujikwaa. Wamama wazee waliokaa nami kwenye mkeka waligeuka wote wakanitazama. Mmoja wao, Nyota, ambaye siku hizi hatembei bila fimbo, alinibana mkono akaninong'oneza, "Mwalimu, andika vile ilikuwa. We ndiye unajua." Basi naandika. Ya utoto wangu na ya wazazi wangu nayaacha, hayana kazi hapa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa na nikiamini kwamba mtu asiyejua kusoma ni mtu ambaye hajapata wa kumwonyesha herufi, basi.

Nilikuwa nimemaliza shule ya ualimu na nikingoja kupangiwa kituo. Wazee wa kanisa letu la mtaa wa Jabe waliniomba, wakati nikingoja, nifundishe wamama kusoma, na wakanitafutia chumba kwa Mama Riziki. Yeye alikuwa mjane mwenye mwili mkubwa na hatua ndogo ndogo, muuza mawese katika soko la Jabe. Binti yake Riziki alikuwa ameolewa mbali, Rumonge, kwa hiyo chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Kilikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha lisilo na kioo lililofungwa kwa ubao na kutazama uani. Ukumbini chupa za mawese zilisimama ukutani kama watoto wa shule kwenye mstari, zimezibwa kwa magunzi ya mahindi, na harufu yake iliingia hata ndani ya mashuka. Sebuleni kulikuwa na viti vinne vyenye vitambaa vya kufuma, na meza ndogo ambayo juu yake kulikaa Biblia peke yake, juu ya kitambaa cheupe. Hakuna aliyeigusa kabla ya kunawa mikono. Mama Riziki ndiye aliyesoma katika ibada ya wamama kila alhamisi, na mtaa mzima ulijua kwamba hakuna mama anayesoma kama yeye. Jioni ya kwanza alinipakulia bugali wa muhogo, mboga ya lengalenga na ndagala, wale samaki wadogo kama dagaa, waliokaangwa mpaka wakalia, akasema, "Kula, mwalimu. Herufi haziingii mu tumbo ya njaa." Nilijiona nimefika nyumba ya msomi mwenzangu.

Darasa lilikuwa katika chumba nyuma ya kanisa, saa kumi jioni, kwa sababu ndiyo saa mzee mwenye ufunguo alipokuwa na nafasi ya kufungua. Wiki ya kwanza mabenchi yalijaa, wengine wakakaa chini na watoto wao mapajani. Nilikuwa na sanduku la vitabu vya kujifunzia, na katika ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya mwanamume mwenye jembe, nyumba ya nyasi na ng'ombe. Niliandika ubaoni, nikasoma, wakaitikia. Waliitikia vizuri sana. Mwisho wa mwezi wa kwanza walikuwa wanasoma kurasa tano nzima kwa sauti moja, nami nikaandikia rafiki yangu barua ya kujisifu. Kisha siku moja, kwa bahati mbaya, nilielekeza fimbo kwenye mstari wa chini badala ya wa juu, na wao wakaendelea na wa juu bila wasiwasi. Nikaielekeza ukutani, penye mjusi. Wakaendelea. Hawakuwa wanasoma, walikuwa wameshika kurasa tano kichwani kama nyimbo. Nilipiga meza kwa rula nikasema, "Mnaimba! Watu wazima mnaimba kama watoto!" Nakumbuka jinsi Nyota, aliyekuwa na umri wa kunizaa, alivyofunga kitabu chake taratibu na kukisukuma mbele yangu kwa vidole viwili. Wiki iliyofuata benchi mbili zilikuwa tupu. Mvua za mwaka mpya zilipoanza kupungua nilikuwa na wamama sita, na wawili kati yao walikuja kwa sababu paa la kanisa halikuvuja.

Nililaumu uvivu wao. Niliwalaumu mpaka jumamosi moja nilipokuwa nimejilaza chumbani, ubao wa dirisha umefungwa nusu, na uani wamama watano wakichambua ndagala pamoja na Mama Riziki. Hawakujua kama nipo.

"Ule mutoto anatuangaliaga kama mbuzi zenye zimeingia mu kanisa," alisema Nyota, na wote wakacheka.

"Si mutoto mubaya," alisema mwingine. "Ni saa. Saa kumi ndio watu wanatoka kazini, wanapita kununua samaki. Mi niache samaki yangu nikaimbe jembe? Nani analima hapa Jabe?"

"Mi nilisoma," ilikuja sauti ya mzee kuliko wote, mama mmoja tuliyemwita Mama Furaha. "Miaka mbili, kwa wamisionari. Siku ya kubatizwa wakasema, sasa imetosha, nenda. Nikarudi kwetu. Kule hakukuwa hata karatasi moja. Herufi zikaondoka moja moja, kama kuku zenye hazina mwenyewe."

"We walau ulifika," Nyota akasema. "Kwetu baba alituma kaka. Mi nilibeba wadogo wangu ku mugongo. Saba! Wa mwisho alipoanza kutembea, mi nikaolewa."

Walicheka tena, lakini si kama mara ya kwanza. Nilingoja Mama Riziki aseme neno, maana yeye ndiye msomi wao. Hakusema. Niliona kwa upenyo wa ubao mikono yake ikipita ndani ya samaki haraka, bila kusimama, kama mtu anayetafuta pete iliyopotea. Katika maisha yangu ya kazi nimekaa katika mikutano mingi ya kuzungumzia kwa nini watu wazima hawajui kusoma. Nimesikia wataalamu wakisema umaskini, na umbali wa shule, na mila. Wamesema kweli. Lakini karibu yote waliyoyasema nilikuwa nimeyasikia pale dirishani, kwa muda wa kuchambua beseni moja la ndagala. Sababu moja tu haikutajwa siku ile, na aliyekuwa nayo ndiye aliyenyamaza.

Niliijua alhamisi iliyofuata. Nilikaa kando ya Mama Riziki ibadani, karibu kuliko siku zote, kwa kuwa kanisa lilijaa. Aliinuka, akafungua Biblia, akasoma Zaburi kwa sauti yake ile nene iliyowanyamazisha hata watoto wachanga. Macho yangu yalishuka kwenye ukurasa. Pale palikuwa na orodha ndefu ya majina ya watu, ukoo baada ya ukoo. Hakukuwa na Zaburi yoyote. Alikuwa akiteremsha kidole juu ya majina yale huku akitamka maneno mengine kabisa, bila kukosea hata moja. Ndipo nilipokumbuka kwamba kila jumanne, tangu nilipohamia kwake, aliniambia, "Mwalimu, macho yangu yamechoka, nisomee sehemu ya alhamisi." Kila jumanne nilimsomea sehemu hiyo mara mbili. Mara mbili tu! Kabla yangu alikuwa akisomewa na Riziki.

Laiti ningekuwa na akili ningenyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jioni, tukiwa jikoni, yeye akisonga bugali, nilisema, "Mama, leo kitabu kilikuwa kimefunguka mahali pengine." Mwiko ulisimama. Kisha ukaendelea. Alinipakulia, akaweka sahani mezani, akaenda kulala bila kula. Siku tatu alifanya hivyo, anaweka chakula na kuondoka. Nilianza kukunja nguo zangu nikijua nitafukuzwa, na nilijua pia kwamba nikifukuzwa mtaa utauliza sababu.

Siku ya nne, kabla ya jua, aligonga mlango wangu. Alikuwa amebeba Biblia imefungwa ndani ya kitambaa chake cheupe. Akakaa kwenye kitanda, kamba zikalia.

"Mama mchungaji amekuja jana," alisema. "Kiangazi kutakuwa kusanyiko ya wamama wa mji muzima. Wanatafuta kiongozi. Wamesema jina yangu. Na wamesema wageni ndio watachagua sehemu ya kusoma, palepale."

"Palepale?"

"Palepale, mbele ya watu wote." Akalegeza fundo la kitambaa. "Nilipofika hapa kutoka Uvira nilikuwa na kitenge kizuri, basi, wakasema huyu amesoma. Mama mmoja alinitia kitabu mu mikono, akasema, soma, mama. Ilikuwa sehemu nilikuwa najua kwa kichwa. Nikasema yote. Wakafurahi. Alhamisi ingine wakanipa tena. Ningesema nini? Kila alhamisi mulango ulikuwa unafunga zaidi." Akanisogezea kitabu. "Unifundishe. Lakini kwanza ufunge dirisha."

Tulisoma alfajiri, kabla ya soko, mlango umefungwa na kibatari kikinuka. Nilianza na kitabu cha jembe, na hatukufika popote. Akili ile iliyoshika sura nzima kwa kusikia mara mbili ndiyo iliyotuzuia, kwa kuwa nikimtajia mstari mara moja tu alikuwa nao tayari kichwani, na jicho halikuwa tena na kazi. Wiki ya pili alikisukuma kitabu. "Hii ni maneno ya watu wengine," akasema. "Andika mawese." Nikaandika. Akalitazama neno kwa muda mrefu, akaniuliza ni wapi palipo na silabi "we". Nikamwonyesha. "Na wewe? Iko na we mara mbili?" Kabla ya kupambazuka alikuwa ametoa kutoka katika mawese na wewe maneno mengine manne, yake mwenyewe, ambayo sikumtajia. Hayo hakuweza kuyashika kichwani kwa sababu hayakuwa wimbo wa mtu. Tukaenda hivyo: chupa, soko, Uvira, Riziki. Siku aliyoona kwamba jina la bintiye lina ri na zi na ki, alilirudia mpaka nikamwomba apunguze sauti.

Lakini maandishi madogo ya Biblia yalimshinda. Alikunja uso, akasogeza kitabu mbali, akakivuta karibu, machozi yakamtoka. Nilianza kuogopa kwamba umri umemfunga. Ni yeye aliyesema, "Sindano pia siioni tena." Asubuhi ile tulishuka mjini, kwenye duka la vitambaa ambapo mwenye duka alikuwa na sinia la miwani iliyokwisha kutumiwa na watu wengine. Mama Riziki alijaribu moja baada ya nyingine, akisoma kibandiko cha sabuni kilichokuwa kwenye rafu. Ya sita ilikuwa na mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. Aliivaa, akatazama kibandiko, kisha akanishika bega kwa nguvu. "Mwalimu," alisema, "kumbe herufi ziko na miguu!" Nimewahi kusikia mtu akisema kwamba mwanafunzi fulani mtu mzima ni mzito wa kuelewa. Siku zote naanza kwa kuuliza kama amepimwa macho.

Alipoona njia imefunguka, alianza kunisema kama mwanawe. Alisema nimewaita wamama saa ya soko, nimewapa maneno yasiyo yao, na nimewapigia rula. "Saa saba," alisema. "Saa saba jua ni kali, hakuna mununuzi, wote tunakaa tunapiga usingizi chini ya mahema ya soko. Fundisha ile saa." Alikwenda mwenyewe kwa mzee mwenye ufunguo na kurudi nao kiunoni. Aliwatafuta bibi wawili wa kushika watoto uani wakati mama zao wanasoma. Nami nilizunguka sokoni, meza kwa meza, nikiomba radhi kwa kelele zangu. Nyota alinisikiliza akiwa anafukuza nzi juu ya samaki. "Nitakuja," akasema, "lakini ukinipigia meza, nitakupiga na mukia wa samaki."

Siku ya kwanza ya saa saba walikuja wamama kama kumi, wakakaa karibu na mlango, kama watu wanaoweza kuondoka wakati wowote. Mama Riziki aliingia akiwa na miwani yake ya uzi. Walidhani amekuja kusimamia, wakampisha nafasi ya mbele. Hakuenda mbele. Alisimama katikati ya mabenchi, jasho likimtoka.

"Mi sijui kusoma," alisema. "Miaka yote nilikuwa nashika kitabu, nasema yenye nimesikia. Sasa najifunza. Nimefika hapa," akaonyesha kwa ukucha kipimo kidogo cha kidole chake. "Mutu mwenye anataka kucheka, acheke sasa, tuanze kazi."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia watoto uani. Nilifikiri, amejimaliza, kesho mtaa mzima utakuwa na habari hii. Kisha Nyota akakohoa.

"Mama Riziki," alisema, "nilikuwa najua. Mwaka jana siku moja ulishika kitabu kichwa chini. Mi sijui kusoma, lakini picha ya msalaba ya ku jalada najua inasimama namna gani."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Ulikuwa unasema vizuri."

Hapo ndipo walipocheka, Mama Riziki kuliko wote, akapangusa miwani kwa pindo la kitenge. Tangu siku ile hakuna mama aliyeona haya kuuliza herufi mbele ya mwenzake. Sikuwa nimeweza kuwapa jambo hilo kwa chaki wala kwa rula. Tuliandika ukutani, kwa makaa, maneno waliyotaka wao: ndagala, muhogo, Kajaga walikonunua samaki, majina ya watoto. Mama Furaha, wale kuku wake walirudi mmoja mmoja mpaka akaanza kuwasahihisha wengine. Na kwa kuwa hakusahau kilichomwangusha mara ya kwanza, alidai kila mtu aondoke na karatasi ya kusoma nyumbani. Nilikuwa naandika karatasi hizo mpaka mkono ukafa ganzi: habari za mtaa, mapishi, nani amejifungua. Wote hawakufika. Wawili waliacha kwa sababu waume zao walikataa, mmoja alihamia Gasenyi akapotea. Sitadanganya kwamba tuliwashinda wote waliokuwa wakizuia. Lakini waliobaki walibaki.

Kusanyiko lilifika jumapili moja ya mwezi wa jua kali. Kwenye viti vya mbele walikaa wageni, wanaume wakasimama madirishani. Mke wa mchungaji mgeni alifungua Biblia, akamkabidhi Mama Riziki na kumwonyesha mahali. Nilisogea nikaona: ni mwanzo wa kitabu cha Ruthu. Moyo wangu ulitulia, maana sehemu ile aliijua kwa kichwa, alikwisha "kuisoma" alhamisi nyingi. Angefumba macho na kuisema yote kama zamani, na uongozi ungekuwa wake. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Akavaa miwani, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza.

Alisoma kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Silabi, kituo, silabi. Watu walitazamana. Nyuma yangu mama mmoja aliuliza kama ni mgonjwa. Baada ya mistari mitatu yule mke wa mchungaji mgeni aliinuka, akamnong'oneza neno lililofuata.

"Apana, mama," alisema Mama Riziki, kidole hakijatoka mahali pake. "Niache. Nafika."

Akafika. Ilichukua muda ambao kwaya ingeimba nyimbo mbili. Uongozi alipewa mama mwingine, msomaji mwepesi kutoka mtaa mwingine, na wengi walirudi nyumbani wakimsikitikia Mama Riziki kwamba uzee umemwingia ghafla. Sisi tulirudi kwa miguu. Nilimwuliza kwa nini hakuisema tu, nayo ilikuwa kwenye ulimi.

"Ilikuwa ku ulimi, ndiyo," alisema. "Nilitaka kuona kama kitabu inasema vile nilikuwa nasemaga." Alitembea hatua kadhaa. "Kuna neno moja, miaka yote nilikuwa nakosea!" Alilisema kwa furaha ambayo sijaisahau, kama mtu aliyemkamata mwizi. Usiku ule tulikula sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki mkubwa wa kuchoma, akarudia kunisimulia neno hilo mara tatu.

Jumatatu, saa saba, tulikuwa tumeanza darasa wakati mwanga wa mlangoni ulipozibwa. Alisimama mwanamume mpana wa mabega, mbebaji mizigo wa bandarini, vumbi la saruji likiwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Sikumjua, wala wamama hawakumjua.

"Ni hapa kwa ule mama mwenye alisoma jana?" aliuliza.

"Ni hapa," nikamjibu.

"Mi nilikuwa ku dirisha. Nimesikiaga wasomaji wengi. Wanasoma kama maji, mutu unasema, hii si ya watu kama mi. Lakini ule mama..." Alitafuta neno la adabu, nikaona hakulipata. "Ule mama anasomaga vibaya sana."

Chumba kizima kiligeuka kumtazama Mama Riziki. Yeye alikuwa anamtazama yule mwanamume juu ya miwani yake.

"Nikasema," aliendelea, kofia ikizunguka vidoleni, "kama kusoma ni ile, pole pole, na watu wanangoja, basi hata mi nitaweza."

Mama Riziki alisogea kwenye benchi mpaka Nyota akalalamika, akapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki. "Ingia, baba. Keti hapa. Jina yako?"

"Gabrieli."

"Mwalimu," akasema, "mwandikie baba jina yake. Kubwa, aone miguu ya herufi."

Nikachukua chaki.